Anajibana

Kitenge cha Mama Stephania kilichafuka katikati ya mahubiri. Kemilembe, mjukuu wake wa miaka mitatu na ushei, alikuwa amepakatwa mapajani, ametulia tangu wimbo wa kwanza, na bibi yake alikuwa ameanza kujisifu moyoni kwamba mtoto akishikwa na mtu anayejua kulea hutulia. Kisha unyevunyevu ukapenya kwenye nguo, na harufu ikafuata. Waliokaa benchi la mbele waliinamisha vichwa kama wanaosali. Wa benchi la nyuma hawakujisumbua kusali, walifunika pua.

Ingabire alikuwa upande wa pili wa kanisa. Aliona shingo ya mama mkwe wake ikikakamaa, akajua. Akanyanyuka, akapita mbele ya magoti ya watu akinong'ona samahani, samahani, akamchukua mtoto na kutoka naye nje. Mchungaji alinyamaza kidogo kuwasubiri wapite, na ukimya ule ulimuumiza Ingabire kuliko kama angeendelea kuhubiri.

Nje, kwenye tangi la maji, alimvua Kemi chupi na kumwosha. Si kinyesi hasa kilichotoka. Ni uchafu mwembamba, kama mchuzi, uleule wa kila siku. Lakini tumbo la mtoto lilikuwa gumu chini ya kiganja chake, limejaa upande wa kushoto kama linaloficha kitu.

Wanawake wawili waliokuwa wametoka kubembeleza watoto wao walisimama karibu, wakazungumza Kinyambo, lugha ya pale, wakidhani Ingabire haelewi.

"Masikini, mtoto wa marehemu."

"Kila siku anaharisha, na tumbo linazidi kujaa. Sijui kule analishwa nini."

Ingabire alizaliwa hapohapo Kyerwa. Wazazi wake ndio waliotoka Rwanda. Yeye Kinyambo alikijua tangu akicheza kombolela. Alikamua ile chupi, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akambeba Kemi mgongoni na kushika njia ya nyumbani bila kungoja sadaka.

Nyumbani, kabla hata hajashusha mzigo, Kemi aliteremka mwenyewe na kukimbilia nyuma ya nyumba, kwenye mgomba uliokaribia kuanguka kwa uzito wa mkungu. Ingabire alimfuata polepole. Alijua atakachokikuta. Mtoto alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu, mapaja ameyapishanisha, mikono imekumbatia mgomba, uso umeiva kwa wekundu na jasho limemtoka juu ya mdomo. Alitetemeka. Kisha ile hali ikapita, miguu ikalegea, akageuka na kuona anatazamwa.

"Sitaki," alisema.

"Sijasema kitu, Kemi."

"Sitaki chooni."

"Haya. Twende tukavae nguo kavu."

Ilianza baada ya ile homa ya malaria. Mtoto alikaa siku kadhaa bila kula wala kunywa vya kutosha, na alipokwenda haja, ilitoka ngumu ikamchana. Kulikuwa na damu. Alilia mpaka akapoteza sauti. Mama Stephania, aliyekuwa amempeleka, alimshikilia juu ya tundu la choo cha shimo na kumwambia sukuma, sukuma, mtoto mkubwa halii. Tangu siku hiyo Kemi hakukanyaga tena choo kile. Na Ingabire, aliyeolewa na baba yake mwaka mmoja tu uliopita, baada ya mama yake Kemi kufariki, ndiye aliyekuwa anafua.

*

Mama Stephania alirudi amejifunga khanga ya kuazima. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye gogo nje ya jiko, akamwita mwanawe.

Cleophace alikuwa mtu mrefu, mpole, ambaye upole wake ulianzia kwa mama yake na mara nyingi uliishia hapohapo. Alikuja akichezea funguo za pikipiki.

"Leo nimevuliwa nguo kanisani," alisema mama yake. "Mimi. Mzee wa kwaya."

"Pole, Mama."

"Sihitaji pole. Mtoto ana chango. Miezi yote hii tumemchekea. Kesho namleta mama yule wa Rugera ampige bomba, tumbo lisafishwe liishe."

Ingabire alikuwa anamenya ndizi mlangoni mwa jiko. Kisu kilisimama. Alikumbuka bomba alilopigwa mdogo wake walipokuwa wadogo: majani yaliyochemshwa, mpira uliosukumizwa nyuma kwa nguvu, watu wanne wakimshika mikono na miguu.

"Mama, naomba tusifanye hivyo," alisema.

Stephania hakumtazama. "Cleophace, nimeongea na wewe."

"Mama, huyu mtoto haharishi," Ingabire aliendelea, sauti ikiwa chini. "Mnavyomwona amekaza uso, mnasema anajikamua. Hajikamui. Anajibana. Anazuia. Kinachotoka ni kile kinachomponyoka. Tukimshika kwa nguvu huko nyuma atazidi kuogopa."

"Nani amekufundisha?"

"Namwangalia tu."

"Unamwangalia." Sasa mzee aligeuka. "Duka la dawa walitupa dawa ya kuzuia kuharisha, ukaacha kumpa. Bomba, hutaki. Chooni, humpeleki, eti analia. Basi wewe unataka nini kwa mtoto huyu? Akae hivihivi mpaka tumbo lipasuke, ubaki na nyumba?"

Cleophace aliacha kuchezea funguo. Alifungua mdomo, na Ingabire alimngoja. Alimngoja kweli, amemkazia macho.

"Mama, usiseme hivyo," alisema Cleophace mwishowe. Halafu akaongeza, kwa mke wake, "Na wewe usiwe unabishana na Mama."

Ingabire alirudi kwenye ndizi zake. Utomvu ulikuwa umekwisha kumgandia vidoleni.

Stephania hakuita mtu wa Rugera. Alipiga simu Rubwera, kwa Restuta, mdogo wa marehemu mama yake Kemi.

*

Restuta alifika kwa bodaboda Jumatano, amevaa vizuri, na mkoba uliojaa biskuti. Alikuwa na duka la nguo za watoto karibu na ofisi za wilaya, na alizoea kuzungumza na watumishi, kwa hiyo alizungumza taratibu na kwa kuchagua maneno. Kemi alipomsalimu alimpakata na kumbonyeza tumbo, akakunja uso. Alisubiri mpaka chai ikaletwa.

"Shemeji," alimwambia Cleophace, "sisi upande wetu hatujaja kumtuhumu mtu. Tunasema tu tulichokiona. Mtoto alikuwa hana tatizo mama yake alipokuwa hai."

"Alikuwa ananyonya," Ingabire alisema.

Stephania aliweka kikombe chini.

"Dada," Restuta alisema kwa upole wa dukani, "naongea na shemeji."

Waliongea. Walisema mtoto apumzike. Walisema abadili hewa kule Rubwera. Hakuna aliyetamka neno sumu, wala neno kumnyima chakula, wala neno kambo, lakini yote yalikaa pale sebuleni pamoja nao, kila moja na kiti chake. Cleophace alikubali. Alisema, "Kwa muda tu," akitazama sakafu.

Ingabire alifungasha nguo: chupi nyingi kuliko magauni. Restuta alikuja kusimama mlangoni mwa chumba.

"Akisimama kwa vidole vya miguu na kupishanisha mapaja," Ingabire alimwambia, "ujue haja imemjia na anaizuia. Usimkaripie. Mwambie tu akae kwenye poti, akikataa mwache. Anapenda papai. Maziwa yakizidi anafunga zaidi. Na maji mpe kidogokidogo, kikombe kizima hamalizi."

"Mimi nimelea watatu," alisema Restuta, na kuchukua begi.

Kemi alikaa kati ya dereva na mama yake mdogo. Hakulia. Alikaa tu amegeuka nyuma, biskuti mkononi bila kuila, mpaka pikipiki ikakata kona ya shamba la kahawa.

*

Jambo ambalo Ingabire hakumwambia mtu yeyote ni hili: siku zile za kwanza alipumzika. Aliamka asubuhi na hapakuwa na beseni la kuloweka. Mikono yake ilikauka. Alichuma kahawa mpaka jua kali bila kukimbia nyumbani kutazama nyuma ya mgomba. Hata harufu ya nyumba ilibadilika. Akajikuta anaimba huku anaanika kahawa kwenye jamvi, na alipogundua anaimba alikaa chini na kujichukia. Labda ndivyo walivyo mama wa kambo, aliwaza. Labda wanaosema wanajua.

Majirani walipita. Mmoja alimwuliza mtoto yuko wapi, na kabla hajajibiwa akasema, "Aah, kwao," kama vile hapa hapakuwa kwao.

Cleophace alirudi kila siku na kula kimya. Siku moja alisema, "Restuta anasema anaendelea vizuri."

"Amekwenda haja?"

"Sikuuliza."

"Ungeuliza."

"Ingabire, nimechoka."

"Na mimi nimechoka," alisema. "Lakini ungeuliza."

Simu ya Restuta ilikuja wiki iliyofuata, mchana, na haikuja kwa Cleophace. Ilikuja kwa Ingabire, ambaye hakujua kama Restuta ana namba yake.

"Njoo," Restuta alisema. Nyuma yake kulisikika mtoto akilia kwa sauti nyembamba. "Anatapika. Hali. Tumbo limekuwa kama ngoma. Njoo, tafadhali, anakutaja."

Cleophace alimpeleka mwenyewe, kwa pikipiki, bila kumuaga mama yake. Barabarani vumbi jekundu liliwajaa kope na mdomo.

*

Waliwakuta Rubwera, kwenye benchi la kituo cha afya. Restuta alikuwa na khanga moja, nywele hazijachanwa, na begi miguuni mwake likinuka vilevile lilivyokuwa likinuka beseni la Ingabire. Kemi alikuwa amelala mapajani mwake, macho nusu wazi. Alipomwona Ingabire alinyoosha mkono mmoja tu, kama mtu asiye na nguvu ya kunyoosha miwili.

Ingabire alimbeba. Gauni lilipanda, akaona kwenye paja alama ya ndala, bado mbichi. Alimtazama Restuta.

"Alichafua kitanda mara nne siku moja," Restuta alinong'ona. "Nne. Kisha mteja akaja dukani, akachafua na pale. Nikamwambia kaa kwenye poti, akasimama amekaza miguu ananitazama. Nikaona ananifanyia kusudi." Alifuta uso kwa pindo la khanga. "Nimelea watatu. Sijawahi kumpiga mtoto hivyo."

Ingabire alimshusha mtoto gauni.

Daktari aliyewapokea alikuwa kijana, jina lake Deodatus, macho yake yamechoka kama yao. Alimlaza Kemi, akamgusa tumbo kwa muda mrefu, huku akimwuliza mtoto habari za mbuzi. Kisha akaanza kuwauliza wakubwa. Tatizo lilianza lini? Baada ya homa gani? Anakula nini asubuhi? Haja ikimjia hufanyaje, hujificha? Kila swali Restuta alifungua mdomo, akaufunga, akamgeukia Ingabire. Na Ingabire alijibu yote. Cleophace, aliyesimama mlangoni, alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za nyumba ya wengine.

"Mlimpa dawa ya kuzuia kuharisha?"

"Tulipewa dukani. Niliacha baada ya siku mbili, nikaona anazidi kukaza."

"Umefanya vizuri kuacha." Alivuta kiti. "Sikilizeni. Mtoto huyu haharishi. Amefunga choo. Kuna kinyesi kigumu kimejaa huku chini, kimekuwa kama jiwe, na kile chepesi kinapita pembeni yake, kinavuja bila yeye kujua. Hafanyi kusudi. Sehemu ile imetanuka kwa kujaa, hata hisia imepungua. Aliumia mara moja, akaamua asiumie tena. Anajibana. Kila akijibana kinazidi kuwa kigumu, akitoa kinamuuma, anajibana zaidi."

Ingabire alitazama mikono yake. Alitegemea angefurahi. Hakufurahi, alitaka tu kukaa chini.

Daktari alikuwa ameinua gauni tena. "Na hii alama?"

Restuta aliinamisha kichwa.

"Tumechoka, daktari," alisema Ingabire. "Wote. Tumechoka tukamchosha na yeye. Haitarudiwa."

Deodatus aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akashusha gauni. "Isirudiwe," alisema.

Walilazwa siku mbili. Muuguzi alimsafisha tumbo kwa dawa ya kupitisha nyuma, lakini alimweleza kwanza, akamruhusu ashike mkono wa Ingabire, na hapakuwa na watu wanne. Hata hivyo alilia. Kilichotoka kilimfanya Cleophace atoke nje na kusimama uani, mikono kichwani. Aliporudi alimkuta mke wake anafua kwenye karo. Alikunja mikono ya shati, akachukua nguo ya pili, akaisugua vibaya, lakini akaisugua.

*

Daktari alikuwa amewaonya kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza. Dawa ya maji ya kulainisha choo, kila siku, kwa miezi, hata atakapoonekana amepona. Papai, maharage, mboga, maji. Akae kwenye poti baada ya chakula, miguu imekanyaga kitu, dakika chache tu, akitoa asishangiliwe sana na asipotoa asikaripiwe. Asiaibishwe. Neno hili la mwisho alilirudia.

Mama Stephania aliyasikia yote hayo kutoka kwa mwanawe, kwani Ingabire hakuwa na nguvu ya kueleza. Alisikia pia kwa simu kutoka kwa Restuta. Waliongea muda mrefu, na alipoweka simu alikwenda moja kwa moja kupalilia, jua la mchana. Hakuomba radhi. Alisema tu, jioni ile, "Kumbe kuna ugonjwa wa hivyo." Kisha baadaye: "Zamani haukuwepo."

Aliicheka ile poti. "Tangu lini kinyesi kikasubiriwa kama mgeni wa kutoka Dar?" Lakini alianza kuleta mapapai. Aliyaacha mlangoni mwa jiko bila kubisha hodi, moja moja, yale yaliyoiva vizuri, ambayo zamani alikuwa akiyauza.

Siku zilipita. Kemi alikaa kwenye poti ya bluu, miguu juu ya tofali, Ingabire mbele yake kwenye kigoda, na hakuna kilichotokea. Alisimuliwa habari za kuku. Alipuliza povu la sabuni, kwa kuwa daktari alisema kupuliza kunalegeza tumbo. Alikuwa akitoa kidogo, mara nyingine kwenye chupi, mara nyingine nyuma ya mgomba, na Ingabire alifua, akasema haya, bado tunajifunza, akaenda zake jikoni na kuegemeza paji la uso ukutani mpaka hasira imwishe. Maana hasira alikuwa nayo. Kuna siku alielewa kabisa mkono wa Restuta ulivyoinuka na ndala. Siku hizo alimwita Cleophace, akampa mtoto bila maelezo, akaenda kutembea mpaka mwisho wa kibanja chao cha migomba na kurudi.

Asubuhi moja ya mavuno ya kahawa Ingabire alikuwa juu ya ngazi, kikapu kiunoni, aliposikia sauti ya mama mkwe wake ikitoka uani. Alidhani mtoto ameanguka.

"Ingabire! We Ingabire! Njoo! Kemi amekunya!"

Ilikuwa sauti ya kwaya, ile ya kufika mpaka mlango wa nyuma wa kanisa bila kipaza sauti. Shamba la jirani watu waliacha kuchuma. Mtu mmoja alicheka. Stephania hakujali.

"Kwenye poti! Mwenyewe! Kingi!"

Ingabire aliteremka, akakimbia, matunda ya kahawa yakimwagika njiani. Alimkuta mzee amekaa chini kwenye udongo, miguu ameinyoosha, khanga imelegea, mikono ya mtoto imo mikononi mwake. Kemi alikuwa bado amekaa, ameshangaa mwenyewe, akiinama kuchungulia.

"Haijauma," alisema.

"Haijauma?"

"Kidogo tu."

Stephania alimtazama mkwewe kutoka pale chini. Macho yake yalikuwa yameloa, na alikasirika kwa kuonekana hivyo. "Amenishika mikono nisiondoke," alisema. "Magoti yamekufa. Niinue."

Ingabire alimwinua kwanza yeye, kisha akamsafisha mtoto. Alibeba ile poti mpaka chooni, akaimwaga, akabaki mle ndani amefunga mlango, akilia kimya, kinywa amekifunika kwa mkono wenye utomvu wa kahawa. Hakukaa sana. Kahawa ilikuwa inamngoja.

Kesho yake Kemi alikataa tena. Baada ya chakula cha mchana alikaa, akapuliza povu, akasema sitaki, akapishanisha mapaja. Ingabire alivuta kigoda akakaa mbele yake, sahani yake ya ndizi na maharage ameiacha jikoni, ikitoa mvuke. Alianza habari ya kuku, ambayo yeye mwenyewe alikwisha kuichoka.

Stephania alitokea mlangoni. Alisimama kidogo, akatazama poti, akatazama mtoto, akatazama mgongo wa mkwewe uliopinda.

"Toka hapo," alisema.

"Mama, daktari alisema tusi..."

"Nimesikia alichosema. Simlazimishi. Nakaa tu." Alikwisha kuanza kujishusha kwenye kigoda, mkono begani kwa Ingabire, akigumia. "Nenda ukale, chakula kinapoa. Nikichoka nitakuita."

Ingabire alikwenda. Alikaa kwenye gogo la nje ya jiko na sahani mapajani, akala taratibu, ndizi zikiwa bado za moto, akisikiliza sauti ya mzee ikimsimulia mtoto habari ya kuku na kuikosea yote, na Kemi akimsahihisha.